Kabati jipya, kapeti jipya, gari jipya: kinachotoka humo kinapimwaje?

Maswali ya harufu za ndani yamekuwa mengi na yanafanana, kwa hiyo safari hii nimeyaweka pamoja. Naona wengi wetu tunaamini pua, au tunaamini kale kadude ka kuning'iniza ukutani kenye namba nyekundu, wakati kuna njia za kupima hivi vitu ambazo zinaeleweka kabisa mtu akielezwa vizuri. Maswali nimeyafupisha, majibu sijafupisha sana.

Shikamoo. Tumefunga makabati mapya ya jikoni ya MDF. Nikifungua mlango macho yanawasha mpaka machozi, na mtoto wangu wa miaka minne anakohoa akikaa jikoni. Baba yake anasema ni harufu ya upya tu, itaisha. Hii kitu inapimika? – Mama Nasra, Tanga

Marahaba Mama Nasra. Tuanze na mtoto. Mpeleke hospitali wamsikilize kifua, usisubiri majibu ya kabati, maana kikohozi kina sababu nyingi na kama ni pumu bora ijulikane mapema. Kwa sasa asikae jikoni humo.

Alafu ndio, inapimika. Kinachowasha macho kwenye MDF na chipbodi mara nyingi ni fomalidehaidi, gesi ile ile ambayo ikiyeyushwa kwenye maji tunaiita fomalini, dawa ya mochwari. Inatoka kwenye gundi. Zile nyuzi na vumbi la mbao zinagandishwa kwa gundi ya urea na fomalidehaidi kwa sababu ni rahisi, inakauka haraka na haina rangi, lakini ubaya wake ni kwamba unyevunyevu na joto vinaivunja polepole na kila inapovunjika gesi inatoka tena, kwa hiyo sio harufu ya wiki mbili kama ya rangi, inaweza kuendelea miezi na hata miaka ikipungua taratibu. Baba Nasra yuko sahihi kwamba itapungua, ila "itaisha" ni neno kubwa, na wakati inapungua mtoto anaivuta.

Kupima hewa ya jikoni kwako kunafanywa hivi. Unafungua madirisha robo saa, unafunga kila kitu kwa masaa 8 au usiku kucha, ndo anakuja mpimaji na kapampu kadogo kanakovuta hewa taratibu kupita kwenye kikatriji cha plastiki chenye punje zilizopakwa dawa inaitwa DNPH. Fomalidehaidi ikigusa ile dawa inanasa pale pale, haitoki. Kikatriji kinafungwa, kinawekwa baridini, kinapelekwa maabara kinasuuzwa na kile kilichotoka kinapitishwa kwenye mashine ya kromatografia, inayotenganisha kemikali moja moja, na kwa kuwa unajua pampu ilivuta lita ngapi, unapata maikrogramu kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 liliweka mwongozo wa maikrogramu 100 kwa wastani wa nusu saa. Ukizidi hapo una tatizo la kushughulikia. Na kumbuka wataalamu wa saratani wa shirika hilo hilo waliiweka fomalidehaidi kwenye kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, tangu 2004.

Kwa hapo Tanzania ulizia ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali au idara ya kemia ya chuo kikuu kama wana vikatriji hivyo, na uwatajie jina DNPH, maana ukisema tu "nataka kupima harufu" utazungushwa.

Joto ndio kitu ninachotaka mkishike wote mnaoishi pwani. Baada ya kimbunga Katrina kule Marekani mwaka 2005, serikali iliwapa waliopoteza nyumba matrela ya kuishi, ndani yake kuna plaiwudi na chipbodi kila mahali na nafasi finyu. Watu wakaanza kulalamika macho, koo, watoto kuugua. Mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008 taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, CDC, ikapima matrela 519 na wastani ukawa sehemu 77 kwa bilioni, ambayo ni kama maikrogramu 95 kwa mita ya ujazo, na trela lililokuwa juu kabisa lilifika 590 kwa bilioni. Sasa angalia miezi: Desemba na Januari, kule ni baridi. Wenyewe waliopima walisema wakati wa joto namba zingekuwa juu zaidi. Kuna hesabu ya zamani ya wataalamu wa mbao inayoonesha kwamba ukiongeza nyuzi 7 za joto, kutoka 23 mpaka 30, gesi inayotoka inakaribia mara mbili, na hapo hujaongeza unyevu. Tanga mwezi wa pili jikoni jua likiwa limepiga bati ni zaidi ya nyuzi 30.

Cha kufanya wakati unasubiri: milango ya makabati ilale wazi, dirisha na mlango wa nyuma viwe wazi kwa wakati mmoja ili hewa ipite, na mwite fundi azibe kingo zote zilizobaki wazi, hasa nyuma ya kabati, chini, na kwenye matundu ya bawaba na ya bomba la sinki. Kwa nini kingo, soma jibu linalofuata.

Kaka, mimi ni fundi seremala. Wateja siku hizi wanauliza E1, E0, wengine wanataka yenye nyota nne. Muuzaji wa mbao ana stika ya kila aina. Hizi ni za kweli au ni biashara? – Fundi Kombo, Mombasa

Fundi wangu, nimefurahi swali limetoka kwa mtu anayeshika msumeno, maana wewe ndo unaamua nusu ya kinachotoka.

E1 ni daraja la Ulaya la fomalidehaidi inayotoka kwenye ubao, ni ya kweli na ina maana moja tu. Kipande cha mbao kinawekwa kwenye chemba iliyofungwa, joto nyuzi 23, unyevu asilimia 45, hewa inabadilishwa mara 1 kwa saa, mbao mita ya mraba 1 kwa kila mita ya ujazo 1 ya chemba, na wanasubiri mpaka namba ya fomalidehaidi itulie, ambayo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ikitulia chini ya miligramu 0.124 kwa mita ya ujazo, hiyo ni E1. E0 kwenye utaratibu wa Ulaya haipo, lakini Wachina kwenye kiwango chao cha 2021 wanayo, 0.050, na juu yake kuna ENF ambayo ni 0.025. Nyota nne ni za Wajapani na wao wanapima kwa njia nyingine, wanafungia vipande vya mbao kwenye chombo cha kioo pamoja na bakuli la maji kwa masaa 24 alafu wanapima fomalidehaidi iliyoingia kwenye maji, wastani usizidi miligramu 0.3 kwa lita. Kwa hiyo mteja akikuuliza ipi ndogo kati ya 0.124 na 0.3 mwambie hazilinganishwi, hii ni hewa ile ni maji.

Stika peke yake haitoshi. Mwambie muuzaji akuoneshe cheti kina jina la maabara, namba ya kiwango walichopimia, tarehe, na unene wa ubao. Ubao wa milimita 18 na wa milimita 3 sio kitu kimoja hata kama umetoka kiwanda kimoja. Kwa sheria ya Marekani kikomo cha MDF ya kawaida ni sehemu 0.11 kwa milioni, nyembamba 0.13, chipbodi 0.09 na plaiwudi 0.05, kila moja ina namba yake. Muuzaji mwenye karatasi moja ya kila ubao dukani, hiyo karatasi haina kazi.

Na sasa kazi yako. Kwenye ile chemba ya Ulaya kingo za ubao zinazibwa kwa utepe wa alumini, zinaachwa wazi mita 1.5 tu kwa kila mita ya mraba ya uso. Chukua shelfu ya sentimita 30 kwa 60. Uso wa juu na wa chini jumla ni mita za mraba 0.36, kingo kuzunguka ni mita 1.8. Gawanya: mita 5 za kingo kwa kila mita ya mraba. Ukiiacha bila kuziba una kingo zaidi ya mara tatu ya zile zilizopimwa, na kwenye kingo ndiko gesi inakopita kirahisi maana ule uso umebanwa na una melamini juu yake. Cheti cha E1 hakijawahi kuona hiyo shelfu yako. Fundi anayebandika utepe mbele tu kwa sababu ndio panapoonekana, nyuma na ubavuni pakabaki pawazi, amemuuzia mteja kitu kingine kabisa tofauti na kilichoandikwa kwenye stika. Naomba sana mafundi mlichukue hili, gharama ya utepe wa pande zote ni ndogo ukilinganisha na kabati zima, na anayevuta ile hewa zaidi ya wote ni wewe mwenyewe unayekata siku nzima, tena na vumbi juu yake. Vaa barakoa ya vumbi na ufanyie kazi nje.

Nimenunua kifaa mtandaoni kinaonesha HCHO na TVOC. Mama akichoma udi au akikaanga vitunguu kinapiga kelele hatari, lakini nikikiweka ndani ya kabati jipya kinasema salama. Nikiamini? – Rama, Dar

Rama usikiamini kwa hilo. HCHO ni fomalidehaidi ile ile, TVOC nitaieleza chini. Ndani ya vifaa vingi vya bei hiyo kuna sensa ya kipande kidogo kinachopashwa moto, umeme unaopita juu yake unabadilika kikiguswa na gesi karibu yoyote inayoungua: moshi wa udi, marashi, spiriti ya kusafishia mikono, mafuta ya kukaangia. Kinajua kuna kitu, hakijui ni nini, alafu programu yake inageuza ule umeme kuwa namba kwa kukisia. Hata zile zenye sensa ya fomalidehaidi yenyewe, nyingi zinachanganywa na pombe. Fanya jaribio, paka sanitaiza mkononi ukisogeze karibu uone kitakavyoruka.

Hilo neno TVOC lina maana yake maabara. Hewa inavutwa kupita kwenye tyubu ya chuma, ndefu kama kalamu hivi, ndani ina unga wa Tenax unaonyonya kemikali kama sponji inavyonyonya maji. Tyubu inapashwa moto karibu nyuzi 280, kemikali zote zinatoka kwa mkupuo zinaingia kwenye gesi kromatografia iliyounganishwa na mashine ya kupima uzito wa molekuli, na kila kemikali inatoka kwa wakati wake na alama yake, hii toluini, hii staireni, hii limonini ya sabuni ya ndimu. TVOC ni jumla ya zote zilizotoka kati ya heksani, iliyo nyepesi, na heksadekani, iliyo nzito. Na hapa wengi wanaponzwa: fomalidehaidi ni nyepesi mno, Tenax haiishiki, kwa hiyo haimo kwenye TVOC. Mtu anaweza kukuletea ripoti safi kabisa ya TVOC ndogo na fomalidehaidi chumbani iko juu. Lazima upime vyote viwili, tyubu na kikatriji.

Kifaa chako kina kazi moja nzuri, kukuonesha mabadiliko. Kiweke chumbani hapo hapo siku kadhaa bila udi wala kupika, uone namba inashukaje ukifungua dirisha na inapanda kwa muda gani ukifunga. Hiyo inakwambia kuhusu hewa yako, lakini isikupe jibu la sumu gani ipo.

Assalaam alaikum. Nina gari jipya, linalala juani kazini. Jioni nikiingia harufu kali na kioo cha mbele kwa ndani kimeweka ukungu wa mafuta, nikifuta unarudi. Ni gesi ya kiyoyozi? – Abu Said, Muscat

Waalaikum salaam Abu Said. Ukungu wa mafuta kwenye kioo sana sana unatoka kwenye dashibodi, viti na plastiki za milango, sio kiyoyozi. Plastiki laini inalainishwa kwa vilainishi, mafuta mazito yasiyoshikana moja kwa moja na plastiki, na joto linayasukuma nje yanaganda pale penye ubaridi, yaani kwenye kioo.

Viwanda vya magari Ujerumani vinapima hili kwa ukali kuliko watu wa nyumba. Wanakata kipande cha plastiki cha miligramu 30 hivi, wanakipasha nyuzi 90 kwa nusu saa na kuhesabu kilichotoka, hizo ni kemikali nyepesi, alafu kipande hicho hicho nyuzi 120 kwa saa nzima, hizo ni nzito zinazoleta ukungu. Kuna jaribio lingine la kupasha sampuli nyuzi 100 chini ya kioo kilichopozwa, baada ya masaa matatu wanaangalia kioo kimepoteza mng'aro kiasi gani, ndio huo ukungu wako kabisa. Na kuna la kunusa. Watu angalau watatu wananusa chupa yenye kipande cha plastiki kilichopashwa na wanatoa alama kuanzia 1, hainuki, mpaka 6, haivumiliki. Pua inapewa nafasi yake lakini kwa utaratibu, na mashine inapewa yake.

Kwa gari lako: ukifika fungua milango yote dakika chache kabla ya kukaa, washa kiyoyozi kikiwa kinavuta hewa ya nje sio kuzungusha ya ndani, tumia kizuia jua kwenye kioo, futa kioo na dashibodi kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo. Marashi ya kuning'iniza kwenye kioo yatoe, unaongeza kemikali juu ya kemikali.

Tumebandika kapeti la plastiki la PVC kwa gundi kwenye sakafu mpya ya sementi. Ni karibu mwaka na kuna harufu nzito kama tamu hivi, tunafungua madirisha kila siku haiishi. Mbona kwa jirani kapeti lile lile halinuki? – Bi Asha, Unguja

Bi Asha, hapo nadhani tatizo liko chini ya kapeti, na jirani ndo ushahidi wako mzuri. Sementi ambayo haijakauka vizuri ina maji yenye ukali wa chokaa, na ule ukali ukikutana na gundi nyingi za sakafu au na kilainishi cha PVC unavivunja vipande, na kimojawapo kinachotoka ni pombe nzito inayoitwa ethili-heksanoli, ambayo harufu yake ni hiyo hiyo unayoeleza. Nchi za Skandinavia wamehangaika nayo miaka mingi kwenye shule na maofisi. Tofauti yake na kabati la Mama Nasra ni kwamba kabati lina akiba inayopungua, lakini sakafu yako inatengeneza mpya kila siku maadamu kuna maji chini, ndo maana madirisha hayatoshi.

Hata kapeti likiwa na cheti safi, lilipimwa likiwa peke yake. Chemba ni ya kioo au chuma cha pua, joto 23, unyevu asilimia 50, hewa nusu ya chumba kwa saa, wanapima siku ya 3 na siku ya 28, alafu wanakokotoa kwa chumba cha mfano cha mita 3 kwa 4 na kimo 2.5. Kwenye chumba hicho sakafu ni mita za mraba 12 ndani ya ujazo wa 30. Kapeti likitoa maikrogramu 50 kwa kila mita ya mraba kwa saa unazidisha na 12, unapata 600 kwa saa, unagawa kwa mita za ujazo 15 za hewa safi inayoingia kwa saa, jibu 40 kwa mita ya ujazo. Hesabu ni sawa, ila humo ndani hakuna sementi mbichi wala gundi.

Kinachoweza kupimwa kwako ni kwa kichemba cha chuma cha duara kama sahani kinachofunikwa juu ya sakafu palepale, hewa safi inapita chini yake na kutoka kwenye tyubu ya Tenax. Usipompata mwenye nacho, nyanyua kona moja ya kapeti, nusa chini, na muombe fundi wa ujenzi apime unyevu wa sementi kwa ndani, sio juu tu. Ikiwa imelowa, toa kapeti na gundi yote, iache ikauke kweli kweli, ikibidi weka tabaka la kuzuia unyevu ndo ubandike upya. Najua ni gharama na inauma, lakini sioni njia ya mkato.

Nahifadhi vito vya fedha vya bibi yangu kwenye kabati la vioo nililotengenezesha, ndani nimeweka kitambaa na mpira mweusi visiteleze. Vimekuwa vyeusi haraka sana. Kabati lina kosa? – Msomaji, Lamu

Toa huo mpira kwanza. Mpira mwingi umeiviswa kwa salfa, na salfa ndio inayoifanya fedha kuwa nyeusi. Kitambaa kama ni sufu nacho kina salfa, weka pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ioshwe vizuri kabla. Watu wa makumbusho wana jaribio lao kwa hili, lilianzia British Museum mwaka 1973 kwa Andrew Oddy: kipande cha kitu unachotaka kutumia kinafungiwa kwenye chupa pamoja na maji kidogo na vipande vitatu vya madini, fedha, shaba na risasi, nyuzi 60 kwa siku 28, alafu wanaangalia kilichochakaa. Fedha inaonesha salfa, risasi inaonesha asidi zinazotoka kwenye mbao na gundi, shaba inaonesha klorini na nyinginezo. Hakuna mashine ya mamilioni hapo. Kwako wewe bila tanuri, weka kipande cha fedha kisicho na thamani kilichong'arishwa kwenye chupa ya kioo pamoja na kipande cha ule mpira, kingine kwenye chupa tupu, funga zote mbili uzilinganishe baada ya wiki kadhaa.

Ni kweli maua ya ndani yanasafisha hizi kemikali? Nimesoma NASA walithibitisha. – Neema, Arusha

Neema, NASA walifanya utafiti huo mwaka 1989 kwenye vichemba vidogo vilivyofungwa, na kwenye kichemba ni kweli gesi ilipungua. Lakini nyumba inapitisha hewa muda wote. Watafiti waliorudia kukokotoa majaribio ya aina hiyo miaka ya karibuni walikuta ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayopita kawaida kwenye jengo utahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu. Weka maua kwa sababu unayapenda. Kwa gesi, angalia kama chumba chako kina tundu la hewa juu ya mlango na dirisha upande wa pili, na kama lile tundu halijazibwa kwa gazeti kuzuia mbu, maana wengi tumeliziba. Liwekee wavu.